Mkaguzi wa Mabehewa na Mlango wa Bafu

Yeye alikuwa Mnyamwezi na mimi ni Mzaramo, kwa hiyo ninayoyasema hapa nina haki nayo. Watani hawaombani radhi. Babu zake walipofika pwani na mizigo kichwani, babu zangu waliwacheka, na wao wakatucheka sisi kwa uvivu wetu, na mambo yakabaki hivyo. Nimemcheka mtu huyu mbele ya uso wake kwa miaka mingi, uani kwake, barazani kwangu, hata msibani, na hakuna aliyenikataza. Alizaliwa wapi hasa, mtoto wa nani, sikumwuliza. Ukimwuliza kwao ni wapi atakutajia stesheni.

Mtaani kwetu Temeke, enzi za Mwingereza, mikorosho ilipokuwa bado mingi kuliko nyumba, tulimwita Mkaguzi. Kazi yake ilikuwa reli. Gari moshi la mizigo likiingia kutoka bara, alipita kando yake na nyundo ya mpini mrefu, anagonga gurudumu moja moja na kusikiliza. Gurudumu zima linalia, lenye ufa linanung'unika. Ndivyo alivyotueleza, tena na tena, bila kuulizwa. Behewa bovu alilitia msalaba wa chaki na kusema, "Haliendi hilo." Sikatai kwamba hiyo ni kazi. Ila wenzake wakitoka kazini, kazi waliiacha huko huko.

Huyu alirudi nyumbani na nyundo nyingine, ndogo, ameichomeka kiunoni, na kila alichokikuta alikigonga. Aligonga nguzo za baraza, baiskeli ya mwalimu wa madrasa, sufuria za watu. Siku ya harusi ya mdogo wangu, kitanda cha bibi harusi kikipitishwa kwa vigelegele, aliwasimamisha wabebaji katikati ya njia, akainama, akagonga matendegu yote manne, kisha akaingiza mkono mfukoni kutoa chaki.

"Ukithubutu kutia msalaba hapo," mama yangu alimwambia, "mie nitakutia wewe kaburini leo leo."

Akairudisha chaki, lakini njia nzima alitembea nyuma ya kitanda akitikisa kichwa.

Siku nyingine aliingia kwangu akagonga mtungi wa maji, mzima kabisa, niliokuwa nao tangu naolewa. Ukapasuka, maji yakatapakaa chumba kizima. Unajua alisema nini? "Nilijua tu una ufa." Hakuomba samahani wala hakuleta mwingine. Alikwenda zake ameridhika, akaniacha nakomba maji kwa kifuu.

Sasa msije mkasema mtani ana chuki. Mema yake nayajua, na nitayasema haraka yaishe. Hakunywa pombe. Hakumpiga mke wake wala kumpandishia sauti. Mume wangu, fundi cherehani, alipokamatwa na homa ya tumbo mpaka akashindwa kusimama, Mkaguzi alimpakia mgongoni akampeleka dispensari, mwendo wa kutosha, jua linawaka, na hakupumzika njiani. Lakini mume wangu aliniambia baadaye kwamba njia nzima, yeye anaomba toba huko mgongoni, mbebaji wake alikuwa anamweleza uzito unaofaa kuwekwa juu ya kila jozi ya magurudumu. Na walipofika alimwambia dresa, "Huyu mhimili wake umechoka." Basi, hayo ndiyo mema yake.

Ila sifa yake haikutokana na nyundo. Ilitokana na kibehewa.

Kulikuwa na bwana mmoja wa Kizungu huko reli, mkubwa wa mafundi, mtu mzima na masharubu yake, aliyekuwa na gari moshi la kuchezea. Si la mtoto; hakuwa na mtoto. La kwake mwenyewe. Alilitandikia reli juu ya meza ndefu nyumbani kwake, na jioni alivaa miwani akaliendesha lizunguke. Mkaguzi alitumwa huko siku moja kupeleka kasha, akaliona. Mtu mwingine angecheka akitoka nje, akaja kutusimulia, tukacheka wote. Yeye aliinama, akalitazama behewa dogo lililotoka Ulaya, akamwambia yule bwana, "Hili lingeacha reli kabla ya kufika Ngerengere."

Yule bwana akapenda jeuri hiyo. Akamwambia, "Basi nitengenezee la kwetu, la mizigo, sawasawa na lile la kweli. Ukileta, nitakupa mbao za mninga, uchague mwenyewe."

Habari ya mbao ilifika kwa mke wake kabla habari ya kibehewa haijamalizika kusemwa. Hapa lazima nieleze kuhusu bafu.

Mke wake, Bi Somoe, alikuwa shoga yangu. Nyumba yao ilikuwa kama nyumba zetu zote, vyumba huku na huku, ukumbi katikati, nyuma uani. Pembeni mwa ua palikuwa na bafu la makuti, na mlango wa bafu ulikuwa gunia. Gunia la chumvi, limetundikwa kwa misumari juu, chini linapepea. Nyuma ya ua kilipita kichochoro cha watu wanaokwenda kisimani na msikitini, na ua wenyewe wa makuti ulikwisha lala upande mmoja. Somoe alioga kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulishika gunia. Akisikia viatu vinakuja alikohoa, akisikia vinakaribia alikohoa zaidi, hata watu wakadhani ana kifua. Mara nyingi mie ndiye niliyesimama nje kumlindia, na ndoo yangu ya nguo, najifanya nafua. Mwanamke mzima, mwenye heshima zake, anafundisha wari wa unyago, hawezi kujipaka sabuni mgongoni bila mlinzi!

Alimwambia mumewe habari ya mlango tangu mwaka walipohamia. Mumewe alijibu kwamba mbao nzuri hazipatikani. Kwa hiyo alipoahidiwa mninga, Somoe alikuja kwangu anakimbia, ushungi begani.

"Shoga, mlango!" akasema. "Nimemwuliza, zitatosha mlango? Kasema zitatosha na kubaki."

"Na hilo behewa litachukua muda gani?"

"Kitu chenyewe kama sanduku la viatu. Litachukua muda gani kwani?"

Lilichukua misimu ya korosho mpaka tukaacha kuihesabu. Mbao za pande alizipata kwenye makasha ya chai, akazikwangua kwa kipande cha chupa mpaka zikawa nyembamba kama ganda la muhogo. Paa alilitoa kwenye debe la mafuta ya taa. Vyuma vya breki vilikuwa mwavuli wa Somoe, ambao hakuulizwa. Magurudumu aliyachonga kwa vipande vya mpingo alivyomwomba mchongaji wa Kimakonde wa mtaa wa pili, na yule mchongaji, ambaye amechonga mashetani ya kila namna bila kutikisika, alipoambiwa vipande ni vya nini alicheka mpaka akakaa chini.

Na mimi nilichangia, kwa kuibiwa. Zilikuwa siku za vita, pini hazionekani dukani, na mume wangu alizitunza zake kwenye mto mdogo wa kitambaa. Asubuhi moja tukakuta mto umejaa vijiti vitupu. Pini zote zimekatwa vichwa. Nilivuka kichochoro na ule mto mkononi.

"Mtani, hivi ni nini?"

Hata hakuinua uso. "Ni ribiti hizo," akasema. "Behewa bila ribiti ni sanduku."

Alikuwa amezipanga ubavuni, safu moja moja, kila kichwa cha pini mahali pake, badala ya misumari ya chuma inayoshika mabati ya behewa la kweli. Nikamtukana yeye na ukoo wake wote wa wapagazi. Aliitikia kila tusi kwa adabu, huku anapuliza vumbi kwenye safu yake.

Nitasema kweli, kwa sababu hata mtani hana ruhusa ya kusema uongo: kilikuwa kitu kizuri. Kilipakwa rangi ya majivu, namba yake ubavuni kwa herufi nyeupe ndogo mno, na uzito wa mzigo umeandikwa chini yake. Breki ilikaza. Na milango! Kila upande ulikuwa na mlango wa kusukuma pembeni, unateleza juu ya chuma chake, na komeo la kuangukia, dogo kama punje ya mpunga, unalinyanyua kwa ukucha. Alitumia mwezi mzima wa Ramadhani kwa makomeo hayo mawili. Na hatua chache kutoka pale alipokaa, gunia lilikuwa linapepea, na mke wake anakohoa.

Hasira ya Somoe haikuwa ya kelele. Siku moja alirudi sokoni, akakuta kibehewa kimekamilika, kimewekwa mezani juu ya kitambaa chake cheupe cha kufumwa, akakifungua mlango kwa ukucha, akajaza vitunguu. Vile vidogo vyekundu. Akakomea, akaenda kupika. Mumewe aliporudi alisimama pale mezani muda mrefu.

"Nani katia vitunguu humu?"

"Mie," akasema Somoe. "Si la mizigo?"

Nilikuwepo, nimekaa kibarazani nachambua mchele, nikacheka mpaka ungo ukanitoka. Mkaguzi hakucheka wala hakugomba. Alikivuta kibehewa kwa kidole, taratibu, akasikiliza magurudumu, akasema linabeba.

Mwishowe akakipeleka kwa yule bwana, amekifunga ndani ya kanga mpya ya mkewe, na sisi wanawake tukabaki uani tunangoja mbao. Aliporudi alikuwa na mkokoteni wa mninga, mbao nene, nyekundu, zinanukia. Tulipiga vigelegele. Halafu tukaona kwamba juu ya mbao, ndani ya kanga ile ile, kibehewa nacho kimerudi.

Kumbe kilipowekwa kwenye reli ya mezani, magurudumu yake hayakuenea. Yalitumbukia katikati. Reli ya yule bwana ilifuata upana wa reli za kwao Ulaya, na mtani wangu alifuata wa reli yetu, ambayo ni nyembamba zaidi. Yule bwana akamwomba apanue magurudumu kidogo tu, ukucha mmoja. Na mtu huyu, mwajiriwa wa serikali, mwenye mke anayeoga kwa mkono mmoja, alimjibu mkubwa wake, "Behewa ni sawa. Zipunguzwe reli." Bahati yake, yule bwana alikuwa karibu kurudi kwao, moyo wake mwepesi. Alicheka, akampa mbao, akamwambia aondoke na behewa lake. Mkaguzi alitusimulia hayo kwa fahari, na Somoe hakusikiliza hata nusu. Alikuwa anapapasa mbao.

Mlango ulitengenezwa nyuma ya pazia la mikeka. Hatukuruhusiwa kuona. Tulisikia tu msumeno na nyundo, na Somoe alitembea siku hizo amenyooka. Akapika bokoboko, akatualika siku ya kuondoa pazia.

Mikeka ikashushwa. Mbele yetu, kwenye bafu la makuti, palikuwa na mlango wa behewa la mizigo. Ulikuwa wa kusukuma pembeni, juu ya kipande cha chuma alichokitoa huko kwao reli. Umepakwa rangi ya majivu. Umetiwa ribiti. Ubavuni umeandikwa namba, na chini ya namba, uzito wa mzigo unaoruhusiwa. Nje, komeo la kuangukia, la chuma, zito kama mtaimbo.

Somoe akausukuma, ukateleza vizuri tu, akaingia ndani, akaufunga. Tukasikia kiganja chake kinapapasa ubao, juu, chini, juu tena. Akafungua.

"Baba, na komeo la ndani?" akamwuliza mumewe.

"Behewa halina komeo la ndani," akasema. "Mzigo haujifungii."

Alisema hivyo bila ubaya wowote, na ndiyo maana ninakasirika mpaka kesho. Angekuwa mbaya ningemwelewa. Lakini alisimama pale anang'aa, anangoja asifiwe, na mkewe akamtazama yeye, akatutazama sisi, akasema, "Karibuni chakula."

Akaoga humo msimu mmoja wa mvua. Mkono mmoja ukishika sabuni, wa pili umeshika mlango usisukumwe. Sasa sikilizeni kilichofuata. Kule kazini walikuwa na sheria: behewa likionekana limefungwa mlango lakini komeo halijaangushwa, mkaguzi analiangusha, anagonga mara moja kuona limekaa, anapita. Asubuhi moja alitoka chumbani amechelewa, akapita uani na nyundo yake, akaona mlango umefungwa na komeo liko juu. Akaliangusha. Akagonga. Akaenda zake kazini.

Mie siku hiyo nilikuwa Kurasini kwa dada yangu. Niliporudi, jua limekwisha pinduka, nikasikia kikohozi. Si kile cha kuonya watu. Kilikuwa kimekauka. Nikaingia uani, nikanyanyua komeo kwa mikono miwili. Somoe alikuwa ameketi juu ya jiwe la kuogea na kanga yake moja, imekwisha kukaukia mwilini. Aliniambia kwamba kwanza alipiga kelele, kisha akaona aibu: watu wa kichochoroni wangemkuta vile. Akanyamaza.

Hakulia. Alipita ndani, akafunga nguo zake kwenye shuka. Nikamwambia, ngoja basi arudi umtukane walau.

"Mie si robota la pamba, shoga," akasema. Akaenda kwa kaka yake huko Kipawa.

Wazee walikwenda kusuluhisha. Nami nilikuwa katika msafara, kama mtani, kazi yangu kuchekesha. Somoe alitupokea vizuri, akatupa kahawa, akasema hana neno na mumewe. Hataki faini, hataki kanga, hataki kuombwa msamaha. Anataka komeo la ndani. Kipande cha mti na misumari miwili. Siku kitakapopigwa, aletewe habari, atarudi kwa miguu yake.

Nilirudi nakimbia kwa furaha, nikampa Mkaguzi ujumbe barazani kwake. Alifikiri. Akaenda uani, akausukuma mlango huku, akausukuma kule. Nikamletea kipande cha mkorosho na misumari, nikaviweka mkononi mwake. Akavishika.

"Likipigwa hilo," akasema, "tena si mlango wa behewa."

"Ndiyo, mtani! Utakuwa mlango wa bafu!"

Akanirudishia misumari.

Baadaye aliung'oa, akauhamishia chumbani kwake, upande wa barazani, ili wapita njia wauone. Bafu likarudishiwa gunia. Mwaka ule nilimcheka mpaka nikachoka, kisha nikaacha kupita kwake.

Miaka ikaenda. Akastaafu, akapewa saa ya mfukoni, akaigonga. Mara ya mwisho kumwona na kuzungumza naye ilikuwa asubuhi moja ya kiangazi. Njiani nilikutana na mpwa wake, mwanamke mpole aliyetoka Tabora kuja kumtunza, anakwenda sokoni na kapu.

"Shangazi, mpitie mzee. Anauliza watani wake wamekwenda wapi," akasema. "Mlango nimeukomea kwa nje, maana akitoka anaelekea relini, na macho hayaoni tena. Ukitoka umkomee."

Nikafika. Rangi ya majivu ilikuwa imebabuka, namba bado inasomeka. Nikanyanyua komeo, nikasukuma. Alikuwa ameketi kitandani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, mikono magotini.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba. Komeo halijalegea?"

"Halijalegea."

Akafurahi. Kiunoni hapakuwa na nyundo. Mpwa wake ameificha. Kibehewa kilikuwa juu ya kasha, kwenye kitambaa kile kile cha Somoe, hakina vumbi hata chembe. Nikakisogelea. Sijui kwa nini, nikanyanyua komeo lile la punje ya mpunga, nikasukuma mlango. Ndani kulikuwa na maganda ya vitunguu, mekundu, makavu, hayajai kiganja.

"Usiyamwage," akasema. Alikuwa amesikia mlango unateleza.

"Ya nini haya?"

"Mzigo huo. Mwenyewe hajaja kuuchukua."

Nilisimama pale na hasira ikanipanda upya kabisa, na huruma pamoja nayo, na sikuipenda hata kidogo hiyo huruma. Mtu aliyeweza kutunza maganda ya vitunguu miaka yote ile, akayafutia vumbi, alishindwa kupiga misumari miwili!

"Mwenyewe aliomba komeo," nikamwambia.

Akauliza, "Somoe anaoga wapi siku hizi?"

"Kwa kaka yake. Bafu lina mlango. Anajifungia."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe, kwa ndani."

Akaitikia kwa kichwa, polepole, na sikuona kama ameelewa au amesikia tu. Nikafunga kibehewa. Nikamwambia nakwenda, nitarudi na viazi. Nikatoka, nikauvuta mlango, nikaliangusha komeo.

"Gonga," akasema kutoka ndani.

Nikagonga kwa kifundo cha kidole.

"Limekaa?"

"Limekaa, mtani."

Nilikuwa bado sijashuka barazani nilipomsikia amenyanyuka. Kiganja chake kikapapasa ubao kwa ndani, juu, chini, juu tena. Kisha akausukuma mlango mara moja, kwa nguvu aliyokuwa nayo, akasikiliza.

"Haliendi hilo," akasema.